Mama Mkubwa Gani?

Kila asubuhi ya likizo, kabla chai yake haijapoa, Kiguu na Njia alikuwa ameshafika dukani, kisimani na kwa jirani, na amerudi. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu hakujua kutulia. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu aliomba jambo moja tu: asafiri peke yake hadi kwa mama mkubwa, dada wa mama yake, akajifunze kusuka mikeka.

Siku ilipofika, mama alimfungia mkoba huku akimpa maelekezo.

"Usishuke kituo cha kwanza, hata ukiona watu wote wanashuka. Shuka cha pili, penye mashine ya kusaga. Mama mkubwa atakuwa hapo. Usipomwona, ulizia jina lake..."

"Nimeelewa, mama!" alidakia binti, jicho likiwa kwenye basi lililokuwa likinguruma barabarani.

"Na namba yangu ya simu umeishika?"

"Nimeishika!"

"Haya. Ukiivuruga safari hii, hutasafiri tena peke yako mpaka uote mvi."

Njiani hakukaa kitako. Alihamia dirisha la kulia, akarudi la kushoto, akasimama kutazama migomba ikipita. Basi liliposimama na karibu abiria wote wakainuka, naye akainuka. Angewezaje kubaki ameketi wakati wenzake wanashuka? Basi likaondoka na kumwachia vumbi.

Kando ya barabara palikuwa na soko la mikeka, vyungu na ngoma. Akapapasa mikeka, akapiga ngoma mbili tatu, akafukuzwa. Ndipo alipokumbuka kumtafuta mama mkubwa. Hakuwapo.

"Umepotea, binti?" mchukuzi mmoja alimuuliza.

"Aka! Najua ninakokwenda," alijibu, akaondoka mbiombio.

Kichochoro alichokishika kiliishia kwenye zizi la mbuzi, nao mbuzi wakamtazama bila kumkaribisha. Akajaribu kingine, kikamrudisha palepale sokoni. Jua lilianza kuinama. Sasa aliogopa kwelikweli.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia mwanamke mzee aliyeuza mikeka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga?"

Alitaka kusema tena kwamba hajapotea. Machozi yakamtangulia. "Nimepotea, bibi. Namtafuta mama mkubwa."

"Mama mkubwa gani?"

"Mama mkubwa... wangu."

Bibi akaangua kicheko. "Hata mimi ni mama mkubwa wa watu! Anaitwa nani?"

"Sijui. Nyumbani tunamwita mama mkubwa tu. Mama alitaka kuniambia jina, sikumsikiliza."

"Basi tumpigie mama yako. Namba?"

"Sifuri saba..." Akakwama.

"Makubwa haya! Huyo mama mkubwa anafanya kazi gani?"

"Anasuka mikeka."

"Huku kila mtu anasuka, mjukuu wangu. Hebu tulia ufikiri. Anasukaje?"

Binti akafumba macho, akaikumbuka mikono ya mama mkubwa alipokuja kuwatembelea. "Anatumia mkono wa kushoto! Mama humtania kwamba mikeka yake inakwenda kinyume."

"Kumbe Shoto! Si anakaa kule kwenye mashine ya kusaga? Ungesema mapema kwamba umepotea, saa hizi ungekuwa unakula."

Bibi akamwachia jirani biashara yake, wakaenda pamoja kwa miguu. Penye mashine walimkuta mama mkubwa akienda huku na kule, akimuuliza kila mpita njia. Alipomwona binti alimkumbatia kwa nguvu, asitake kumwachia. Binti alikuwa amejiandaa kugombezwa. Kumbatio lile lilimchoma moyo zaidi.

Bibi alieleza yote. Mama mkubwa akamshukuru, kisha akamgeukia binti.

"Hukupotelea kituoni, mwanangu. Ulipotea kulekule nyumbani, uliposema umeelewa na hukuelewa. Tunalisema neno hilo kila siku bila kuona kwamba ni uongo. Ungemuuliza mama yako, angerudia mara tatu, yakaisha." Akabonyeza simu, akampa. "Mama yako roho iko juu huko kwenu. Mweleze mwenyewe."

Ilikuwa rahisi kusema tu kwamba amefika salama. Binti alijua akisema kweli, safari za peke yake zimekwisha. Hata hivyo alieleza yote, tangu basi hadi mbuzi.

"Kwa hiyo nije kukuchukua likizo ikiisha?" mama aliuliza.

"Natamani kurudi peke yangu. Lakini ukiona vyema uje, njoo, mama."

"Ungenificha nikayasikia kwa dada yangu, ningekuja kesho asubuhi kukufuata. Mtoto anayenieleza hata aibu yake, huyo naweza kumpandisha basi. Utarudi peke yako. Unajua basi la kurudi utalipandia wapi?"

Binti akafungua kinywa kujibu upesi, akakifunga.

"Sijui, mama," alisema. "Niambie polepole, nakusikiliza."