Ragu ya Basile

"Huyo anayekushibisha kule Nyarugusu ana jina?"

"Analo. Anaitwa sufuria."

Vestina hakucheka. Begi lake lilikuwa mlangoni, na kaka yake Ildefonsi alikuwa njiani na pikipiki, aje amrudishe kwao Munanila. Amechoka jamani! Tangu mumewe Basile apate kazi ya upishi kule kambini Nyarugusu, kila jioni ni wimbo uleule: nimeshiba, mke wangu. Ugali unapoa, kisamvu cha isombe wanakula kuku. Nani atavumilia kupikia ukuta?

Na leo, siku ya kuondoka, ndiyo bwana kachuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapika!

"Nini hicho?"

"Ragu."

"Ndiyo nini?"

"Nyama na viazi, moto mdogo, polepole. Mama alituambia kule Kongo, asili ya hilo neno ni Kifaransa. Maana yake kumurudishia hamu mutu aliyekinai chakula."

"Mi sijakinai chakula. Nimekukinai wewe."

Basile alikoroga sufuria. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Mwenye kukinai ni mimi, Vestina. Kutwa naonja chakula cha batu. Nikifika hapa, hata harufu ya kitunguu inanichefua. Hakuna mwanamuke. Niliona haya tu. Mupishi gani hawezi kula?"

"Ukaona bora mimi nilie?"

"Nilikosea. Nisamehe, bibi yangu."

Vestina akageuka kutazama begi lake. Simu yake ikalia. Ujumbe wa Ildefonsi: *Niko Kasulu mjini naweka mafuta. Kaa tayari dada.*

Basile akapakua sahani mbili. Hakumbembeleza ale. Alichukua kipande cha nyama, akakitazama kama dawa chungu, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akachukua kingine.

Vestina alimtazama koo likipanda na kushuka. Alikuwa amesahau mume wake anavyokula. Akavuta kigoda, akaonja.

"Chumvi imepungua."

"Ongeza wewe."

Aliinuka, akaliruka begi pale mlangoni, akaenda kuleta chumvi. Aliporudi Basile alikuwa bado anatafuna, jasho likimtoka. Vestina akashika simu.

*Kaka, geuza. Tunakula.*