Mume wa Nyuma ya Msafara

"Avril, nisikilize. Hizi si hasira. Hasira ningezimaliza kwa kuvunja sahani mbili nikalala. Mimi nimechoka."

Glenda Codd alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo ndani ya kanisa kuu la mji wa Lincoln, Uingereza, simu sikioni, mgongo kwenye jiwe la baridi. Wageni wake alikuwa amewaachia dakika chache wazunguke wenyewe, wapige picha, wamtafute yule shetani mdogo wa jiwe aliyechongwa juu kule, ambaye kila mgeni anamtaka na hakuna anayemwona mpaka aonyeshwe kwa kidole. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kumpigia mdogo wake aliyeko mji wa Louth. Nyumbani asubuhi alishindwa, maana nyumbani alikuwepo mumewe, Neville.

Avril akataka kujua shemeji kafanya nini. Kanyanyua mkono? Kapata mwanamke?

"Neville apate mwanamke? Angemtongoza kwa ishara? Hajafanya kitu, Avril, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Nashinda nasema na watu nisiowajua mpaka koo linakauka, nikirudi hakuna wa kuniuliza hata umeshindaje. Mwezi wa pili nilikwenda hospitali kuchukua majibu ya titi. Peke yangu. Nikarudi, nikakaa jikoni na koti langu mwilini, namsubiri aniulize. Unajua aliniambia nini? Kwamba bomba la kupasha nyumba joto linapiga kelele."

Glenda akachungulia pembeni ya nguzo, akaona wageni bado wako mbali.

"Majibu yalikuwa mazuri, wewe nilikwambia siku ileile. Yeye mpaka leo sijamwambia, kwa sababu mpaka leo hajauliza. Sanduku langu nimelificha kwenye chumba cha makoti hapa kanisani. Nikimaliza ziara hii napanda basi la jioni nakuja kwako. Barua sijaandika. Atagundua mwenyewe chai isipoiva."

Akakata simu, akapenga kamasi, akajitengeneza uso. Mwanamke wa miaka sitini na moja, miguu imevimba ndani ya viatu, na nusu ya ziara bado iko mbele yake.

Kazi hiyo waliifanya pamoja tangu Neville astaafu ufundi wa mitambo ya maji. Glenda mbele, anasimulia. Neville nyuma, anahakikisha hakuna mgeni aliyeachwa, anawashika mkono wazee kwenye mteremko, na wote wakitimia ananyanyua mwavuli juu ili mkewe ajue waondoke. Mtu wa nyuma hatakiwi kusema neno. Neville aliipenda kazi hiyo kuliko kazi zote alizowahi kufanya, na watu wa chama chao cha waongoza wageni walizoea kumtania Glenda kwamba amepata mume asiyegomba. Glenda alikuwa akicheka nao. Siku hizi alikuwa ameacha.

Alipowarudia wageni wake akaona jambo si la kawaida. Wageni wa siku zote ukiwaacha kidogo utawakuta wamezama kwenye simu. Hawa wote walikuwa wanatazama dari. Dari la kanisa kuu ni zuri, hakatai mtu, lakini si kwa bidii ile. Bwana mmoja alikuwa anasoma maelezo ya mtungi wa kuzimia moto, tangu juu mpaka chini.

Mama mmoja akajitoa kundini akamshika mkono wa koti. Huyu alikuwa Noreen, dereva wa basi mstaafu kutoka Barnsley, aliyekuwa akiuliza maswali tangu mwanzo wa ziara.

"Mpenzi, sijui nikwambieje," alisema taratibu. "Hicho kidude cha kwenye kola yako hukukizima."

Glenda akapeleka mkono kolani. Ndani ya kanisa kuu hairuhusiwi kupaza sauti, kwa hiyo mwongozaji hunong'ona kwenye kipaza kidogo alichobana kolani, na kila mgeni humsikia kwenye kidude cha sikioni popote alipo. Waongozaji wote wana kisa cha mwenzao aliyekwenda msalani bila kukizima. Wanafunzi wapya huchekeshwa nacho siku ya kwanza.

"Mmesikia nini?"

"Titi. Bomba la joto. Sanduku. Basi."

"Wote?"

"Wote. Na yule bwana wa mwavuli naye anacho sikioni. Hatukujua kama ndiye mumeo, mpaka tulipomwona anakaa chini."

Glenda akageuka. Neville alikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kofia magotini. Macho yao yakakutana. Akasimama, akahesabu vichwa vya wageni kwa macho kama kawaida yake, halafu akanyanyua mwavuli juu. Wametimia, tuondoke.

Yaani hata hapo! Glenda alitamani amfuate amnyang'anye ule mwavuli amvunjie kichwani. Badala yake akashusha pumzi, akawaambia wageni wamfuate.

Watu wa huku bwana, ukianguka matopeni mbele yao watakusifia viatu. Hakuna aliyegusia lile neno. Lakini kwenye lango la kale la Exchequer, Glenda alipotoa ule utani wake wa zamani kuhusu askofu aliyenenepa, walicheka mpaka wapita njia wakageuka. Bwana mmoja aliyenung'unikia mvua tangu mchana sasa alikuwa anampa peremende. Huruma yao ilimchosha kuliko mvua. Alitaka kuwaambia jamani nendeni zenu, lakini ziara haiachwi katikati, na mtaa wa Steep Hill, wenye mteremko mkali, ulikuwa umelowa, wazee wangeteleza.

Akateremka mbele akisimulia nyumba za mawe na wenyewe waliozijenga, sauti imekwaruza. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliogopa kukuta Neville analia. Aliogopa zaidi kumkuta halii.

Chini ya mteremko ndiko ziara inakoishia, penye benchi na duka la chai. Glenda akawashukuru, akauliza kama desturi inavyodai:

"Kuna mwenye swali?"

Desturi hiyohiyo inadai kwamba hakuna anayeuliza. Watu hupiga makofi kidogo, hurudisha vidude vyao, kila mmoja akakimbilia chai. Noreen mwenyewe safari hii alifunga mdomo.

"Mimi ninalo."

Sauti ilitoka nyuma. Wageni wakagawanyika huku na huku, akabaki Neville peke yake na mkono juu.

"Neville, tutaongea nyumbani," alisema Glenda.

"Nyumbani hutakuwepo."

Mtu mmoja akakohoa.

"Uliza basi."

Neville akashusha mkono. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Tangu lini?"

"Tangu bomba la joto."

Akatikisa kichwa polepole.

"Siku ile ya hospitali nilikuwepo. Nilifuata basi lako kwa gari. Nikakaa kule wanakoegesha magari mpaka ulipotoka. Ulikuwa unacheka na muuguzi, nikajua ni salama. Nikakimbia nifike nyumbani kabla yako."

Wanawake wawili wakashikana mikono. Noreen alikuwa amekwishatoa kitambaa. Wewe na mimi pengine tungelainika hapohapo, tukamrukia mtu shingoni, yakaisha. Na Glenda moyo wake uliruka kweli, asikudanganye mtu. Alimwona Neville ndani ya lile gari lao dogo, madirisha yamejaa mvuke, anakodolea mlango wa hospitali. Lakini baada ya lile gari alijiona na yeye, jikoni, na koti.

"Kukaa kwenye gari si kuuliza, Neville. Wewe ulipata jibu lako dirishani ukanyamaza nalo. Mimi uliniacha na langu."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini mimi niliingia ndani."

Neville hakuwa na la kusema. Glenda alikijua kimya kile, alikuwa amelala nacho kitanda kimoja miaka thelathini na zaidi. Basi, ndiyo imekwisha, akajiambia. Hakusikia hata uchungu, alisikia usingizi. Akainama kuokota mkoba wake.

"Ulipoingia ndani," Neville alisema, "walikukalisha wapi?"

Glenda akabaki ameinama.

"Nini?"

"Walikukalisha wapi? Ulisubiri sana? Ulikuwa na mtu wa kuongea naye?" Maneno yalimtoka kwa kukwama. Masikio yalikuwa yamemwiva mekundu, na wageni wote wanamtazama, na yeye hajawahi kupenda kutazamwa. "Na kule jikoni, Glenda. Ulitaka nikuulize nini? Niambie, nianzie hapo. Najua nimechelewa."

Glenda akakaa kwenye benchi.

"Walinikalisha karibu na tangi la samaki," alisema. "Kulikuwa na samaki mmoja mgonjwa, anaogelea ubavu. Nikasema, huyu akifa kabla hawajaniita, na mimi ndiyo basi."

Neville akaja akakaa kando yake. Hakumgusa.

"Akafa?"

"Hakufa."

"Halafu?"

Noreen akapiga makofi mawili, akawaambia wageni kwa sauti ya kushusha abiria kwamba duka la chai lina mkate mtamu wa zabibu na hakuna la kuangalia hapa. Wakaondoka wakijifanya wanazungumzia mvua. Wawili wale wakabaki pale benchini chini ya mwavuli mmoja. Glenda akasimulia juu ya daktari aliyekuwa kijana kama mjukuu, juu ya mikono yake mwenyewe iliyogoma kufunga vifungo vya blauzi, juu ya safari ya kurudi, alipotaka kumwambia mtu yeyote ndani ya basi kwamba haumwi. Alipolia, Neville alingoja. Alipotulia, alimuuliza tena, halafu? Hakuuliza vizuri. Mara mbili aliuliza kitu alichokwishajibiwa. Lakini aliuliza.

Giza lilikuwa limeanza kuingia simu ya Glenda ilipotoa mlio. Ujumbe wa Avril:

*Basi limefika, wewe humo. Uko wapi?*

Glenda akaandika taratibu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi:

*Bado niko Lincoln. Sanduku liko palepale, sijalirudisha nyumbani wala sijalipandisha basi. Nitakupigia kesho.*

Jibu likaja papo hapo:

*Kwani amefanya nini?*

Glenda akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa akitafuta swali lingine.

*Ameuliza,* akaandika.