Mchumba Wangu Alisema Nimelala Mbele ya Kamera

"ALILALA HUYU!"

Sauti ya Nassibu, jamani. Mchumba wangu! Mbele ya kiwanda kizima!

Nilitamani ardhi ya Musoma inimeze...

Ilikuwa enzi za ruksa, viwanda vya sangara ndo vinafunguka. Mimi Mwanaharusi nilikuwaga mlinzi wa kamera. Kazi yangu kukodolea macho televisheni moja. Nassibu, fundi kutoka Bunda, ndiye aliyezipanga picha zake: kila kamera kipande chake kidogo, vyote sawa, vinarukaruka. Geti la nyuma lilikuwa pembeni kule chini, dogo kama stempu.

Magunia ya mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni vyenye bei kuliko minofu, yakaanza kupotea. Akaitwa nani? Mimi.

"Bosi, nilikuwa macho. Sikuona mtu!"

"Mitambo yangu haina tatizo," Nassibu akasema, haniangalii.

Akina mama wanaokata minofu wakacheka. Hata mimi nikaanza kujiuliza... au kweli nililala?

Bosi wetu, meneja mzee Alfonce, akatuita chumba cha kamera.

"Nassibu, kaa kwenye kiti chake. Ukimwona mtu anatoka na gunia, sema."

Akanitoa nje, akaninong'oneza: "Binti, libebe wewe."

Wasomaji wangu! Kubeba gunia la mabondo mchana kweupe, wenzio wanakutazama... Machozi yalinitoka. Nikakatiza uani, nikatoka geti la nyuma.

Hakuna aliyenisimamisha.

Nikarudi nalo mpaka chumba cha kamera. Nassibu bado kaikazia macho televisheni!

"Hajapita mtu, bosi."

Nikalitua miguuni pake. Puu!

Nassibu akazipanga picha upya. Geti likawa kubwa, katikati, haliruki tena. Picha nyingine zikapangwa kwa kufuata njia anayopita samaki toka gatini. Haikupita wiki nikamwona Machage, mlinzi wa geti, anapitisha gunia. Akakamatwa.

Nassibu akanifuata nyumbani Bweri.

"Nisamehe, Mwana. Niliogopa wataniona sijui kazi."

"Aibu ilikuwa yako, ukanivika mimi!"

Posa tukairudisha.

Lakini sikilizeni... Nilitukanwa mbele ya kiwanda kizima, nikasafishwa mbele ya watu wawili. Wale akina mama waliniona natoka na gunia, hakuna aliyewaambia ni jaribio. Machage alipokamatwa wakasema tulikuwa tunashirikiana naye!

Mpaka leo nikikutana nao sokoni nainamisha kichwa.

Ndugu yangu, kabla hujamwita mwenzio mzembe, kaa kwanza kwenye kiti chake. Na ukimchafua hadharani, msafishe hadharani.