Malkia Aliyeoga Maziwa

Kila asubuhi, hata ugenini, Mama hupima sukari kabla ya kugusa chai. Tone la damu kidoleni, namba kwenye kipimo, kisha sindano tumboni. Kazi yangu ni kufunga mkoba wake: dawa, biskuti, na juisi ya kumwokoa sukari ikishuka.

Likizo ile tulikuwa kwa kaka yangu, ambaye alikuwa ameishi katika nchi ile ya kigeni mwaka mzima. Kwenye simu alijisifu jinsi anavyoimeza lugha ya wenyeji, mpaka Mama akampachika jina: Mkalimani. Basi siku moja akatupeleka kwa basi la watalii kutembelea ngome ya kale juu ya kilima.

Basi liliposimama kwenye lango la juu, mwongozaji wetu, mama mwembamba mwenye mwavuli mwekundu, alisema maneno mengi. Abiria wakachukua mikoba yao.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Tuache mizigo. Basi litatusubiri hapa hapa."

"Mbona wenzetu wanabeba?"

"Aa, hao hata kivuli chao hawakiamini!"

Tukacheka, tukauacha mkoba kitini.

Ndani ya ngome kaka alitutafsiria kila kitu. Katika birika lile la mawe, malkia alikuwa akioga maziwa. Kwenye dirisha lile jembamba alichungulia wachumba, na waliokuja na viatu vichafu walifukuzwa. Niliyakariri yote ili nikawasimulie wenzangu darasani. Nilijiona mwenye bahati kuwa na kaka kama yule.

Tulizubaa pale birikani tukipiga picha, kundi likatuacha. Tuliporudi langoni, basi halikuwepo. Mama akaketi kwenye ngazi, jasho likimtoka, mikono ikimtetemeka.

"Sukari inashuka," alisema kwa shida. "Mkoba wangu..."

Mlinzi wa lango, mwanamke wa makamo, akaja mbio huku akiuliza jambo.

"Kaka, mwambie kwamba Mama anahitaji kitu kitamu! Haraka!"

Kaka akarudi nyuma hatua moja.

"Kaka!"

"Siwezi," alisema. "Lugha yao siijui. Darasa niliacha zamani."

"Na yule malkia?"

"Nilimtunga."

Moyo uliniuma kuliko nilivyowahi kuumia. Lakini hapakuwa na nafasi ya kulia. Nilimwonyesha mlinzi Mama, nikatetemesha mikono, nikajifanya ninakunywa, nikalamba vidole kama mtoto aliyeiba asali. Akaelewa papo hapo, akaleta chai yenye sukari tele kutoka kibandani kwake. Mama alipopata nafuu, mlinzi akapiga simu, kisha akatuonyesha bondeni. Basi lilikuwa kwenye lango la chini, likitusubiri sisi.

"Kwa nini, mwanangu?" Mama akamuuliza kaka.

"Niliona aibu, Mama. Mlikuwa mnanisifu sana."

"Kutojua si aibu. Mdogo wako hajui hata neno moja la hapa, na ameniokoa kwa sababu hakujifanya anajua. Uongo wako ungeniua mimi, si wewe. Kesho unarudi darasani, na mpaka siku ya kuondoka nitakaa nawe benchi moja."

"Ndiyo, Mama."

Tulimshika Mama huku na huku, tukashuka kilima. Alikuwa bado kaka yangu, ila tangu siku ile, kila anachoniambia huwa namuuliza na mtu mwingine.