Breki Mbovu Alinigonga Mita Mia Mbili Kabla ya Mstari

Zilikuwa zimebaki mita mia mbili tu.

Niko wa kwanza, magari sita yako nyuma yangu, ving'ora vya polisi vinalia... na mtu niliyemwamini kuliko yeyote duniani akanigonga ubavuni kwa gari lake la kijani.

Makusudi.

Gari langu likazunguka mara mbili, likabamiza nguzo ya daraja. Polisi wakanizingira. Runinga ikaandika: UMEKAMATWA.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Si gemu tu hilo?"

Ndiyo, ni gemu. Ila nisome mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa dereva wa lori. Miaka kumi na moja barabarani, hata kuku sijawahi kumkwaruza. Siku moja lori limeegeshwa, limetulia, mimi niko juu ya mzigo nafunga turubai... nikateleza.

Uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini, kimya.

Mwezi wa kumi na nne huu niko kwenye kiti cha magurudumu.

Mdogo wangu ndiye aliyeniletea gemu la mbio za mitaani, nisije nikaozea kitandani. Nikazama mzimamzima.

Humo nilikuwa na miguu, jamani. Unakanyaga mafuta katikati ya magari ya watu. Ukiserereka kwenye kona, mtungi wa nitro unajaa. Ukiufungua, gari linapaa. Ukivuruga sana barabara polisi wanakufuata, na hapo ndipo penye utamu, maana kila dakika unayowakwepa alama zako zinaongezeka. Ila wakikukamata kabla ya mstari, unapoteza zote.

Humohumo nikakutana na mtu anayejiita Breki Mbovu.

Mwanzoni aliendesha kama anafukuza mbuzi shambani. Nikamfundisha. Tukaunda timu ya watu wawili. Kila alasiri tuko wote, na tukimaliza mbio tunaandikiana. Kuongea hakuweza, alidai kipaza sauti chake kimekufa.

Nilimwambia kila kitu. Ninavyoogeshwa kama mtoto. Ninavyojifunika shuka nikisikia lori likipita nje.

Mke wangu je? Mke wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Jioni anaingia, ananiuliza:

"Umeshindaje?"

"Nipo."

Basi. Yanaishia hapo.

Siku moja nikamwandikia Breki Mbovu:

"Mke wangu siku hizi habanduki kwenye simu. Akiniona anaificha. Nahisi ana mtu."

Alikawia sana kujibu.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize kwa uso upi? Mwanaume nusu mimi."

Hakuandika tena siku hiyo.

Sasa ikaja fainali. Kabla hatujaanza, nikamwandikia:

"Leo nikishinda ni bingwa wa jiji. Halafu napumzika."

"Unapumzika vipi?"

"Barua ya mke wangu nimeshaiandika. Iko chini ya mto. Asante kwa yote, mshikaji."

"Subiri kwanza."

Sikusubiri. Nikabonyeza kitufe, mbio zikaanza.

Sitawaficha. Nilikuwa nimeamua. Nilitaka tu kuondoka nikiwa nimeshinda kitu kimoja, hata cha kwenye kioo.

Na hicho kimoja ndicho alichoninyang'anya.

Nikaandika:

"Kwa nini?"

Likaja jibu moja.

"Kwa sababu ulisema ukishinda unapumzika."

Hazikupita dakika mbili nikasikia mtu anakimbia barazani. Mlango ukasukumwa.

Mke wangu.

Futi ya kupimia nguo shingoni, kiatu mguu mmoja, anahema. Mkononi ana simu. Kwenye simu lile daraja, lile gari la kijani, na juu yake jina.

Breki Mbovu.

Alipitiliza mpaka kitandani, akainua mto, akachukua barua. Hakuifungua. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Muda wote huu?"

"Mwezi wa saba huu. Nilijifunzia palepale kwenye cherehani, wateja wakiniona nimerukwa na akili."

"Nilikuandikia kwamba... kwamba una mtu."

"Nilisoma. Gauni la mteja nililishona nje ndani siku hiyo."

Aibu ilinipanda, na hasira nayo ikapanda.

"Umenidanganya. Umenifanya nimwage moyo wangu kwa mtu ambaye hayupo."

Akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye ubao wa kitanda.

"Kila jioni nilikuuliza umeshindaje, ukanijibu 'nipo'. Mgeni akakuuliza mara moja, ukamwandikia mpaka jioni ikaingia. Ningefanyaje, mume wangu? Ulimfungulia mgeni. Nikaingia kama mgeni."

Hospitalini sikulia. Walipoliuza lori nililokuwa naendesha, sikulia. Siku hiyo nililia mpaka nikakosa pumzi, na yeye hakuniambia ninyamaze.

Alasiri hiyohiyo akampigia simu muuguzi aliyekuwa akinihudumia. Mimi nikiwa nasikiliza, akamweleza yote, hata lile la barua. Tangu hapo kila wiki nakaa na mshauri. Mara mbili nimegoma kwenda. Mara zote mbili mke wangu alinivalisha viatu bila kunijibu.

Siwadanganyi kwamba nimepona. Kuna asubuhi nazama kabisa. Ila asubuhi hiyo namwambia yeye kwanza, kwa mdomo wangu, na huwa maneno hayatoki vizuri. Juzi nimemwambia, "Leo mimi mbaya." Akafunga kibanda, akaja.

Wewe unayesoma hii huku umejifungia, unayesema hakuna anayekujali... pengine yupo mtu chumba cha pili, amezunguka nyumba nzima anatafuta pa kuingilia.

Usimngoje aje kwa jina la kubuni. Mwite kwa jina lake, umwambie.

Hata kama utaanza na neno baya.