Biskuti za Masista wa Villaserna

Haya yalimpata Leandro Echániz, jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Bilbao. Si mtu wa porojo. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa lifti, na mpaka leo ukimuuliza jambo hukujibu kwa ufupi, kama anayesoma mita. Lakini kisa hiki akishakianza hawezi kukikatisha, na hakisimulii akiwa ameegemea ukuta.

Mkewe, Casilda, alikuwa na wazimu wa majengo ya kale. Kila Agosti walipakia mizigo kwenye gari lao dogo wakateremka nyanda za Castilla, wakitoka kanisa waende ngome, wakitoka ngome waende monasteri. Casilda alipapasa nguzo za mawe kama watu wapapasavyo vitambaa sokoni. Leandro alibeba maji na kusubiri chakula cha mchana.

"Wewe ungeolewa na mnara," alikuwa akimtania.

"Mnara haukoromi," Casilda humjibu.

Siku hiyo walifika Villaserna, mji mdogo juu ya kilima kikavu. Walizunguka kanisa kuu, wakala mwanakondoo wa kuokwa kwenye baa ya uwanjani, na walipotoka wakaukuta mji wote umelala usingizi wa mchana. Madirisha yamefungwa. Mbwa hayupo, paka hayupo. Jua lilikuwa likichoma mpaka mawe yananuka. Leandro alitaka arudi garini ajinyooshe kidogo, lakini Casilda alikuwa ameshaona, mwisho wa kichochoro, mlango wa konventi, nyumba ya masista, umeachwa wazi.

"Mara moja tu, mzee wangu. Nione dari, tunaondoka."

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Kilikuwa chumba kidogo cha kupokelea wageni, chenye benchi moja na mlango mzito wa pembeni uliofungwa. Ukutani palikuwa na lile kabati la mbao la mviringo ambalo masista wasiotoka nje hulitumia kuuzia biskuti bila kuonekana. Wao huweka upande wao, wanalizungusha, nawe unachukua upande wako. Casilda akavuta kamba ya kengele. Ikalia mbali sana, mbali kuliko jengo lenyewe lilivyoonekana kuwa kubwa.

"Ave Maria uliye safi," ikasema sauti ya mwanamke nyuma ya mbao. Ilikuwa karibu mno, kama ya mtu aliyekuwa amesimama hapo muda wote.

"Uliyekingiwa dhambi ya asili," Casilda akaitikia, kama alivyofundishwa na bibi yake. "Sista, mna biskuti leo?"

"Mko wangapi, binti?"

"Wawili. Mimi na mume wangu."

"Sisi tulikuwa tunamhitaji mmoja."

Casilda akamgeukia mumewe, akacheka kimya kimya, akamwonyesha sikio kwa kidole: bibi wa watu hasikii vizuri. Kabati likazunguka. Ikatokea sahani ya biskuti zenye kiungo cha anisi, bado za moto. Casilda akala moja, kisha nyingine, akajilamba vidole. Leandro hakula. Hakuhisi kitu chochote kibaya. Alikuwa ameshiba tu.

"Sista, nasikia ua wenu wa ndani una nguzo za kale sana. Haiwezekani kuuona?"

"Wanaume hawaingii. Wewe njoo. Mkoba uache nje."

Komeo likalia, na mlango wa pembeni ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita. Casilda akamtupia mumewe mkoba mapajani. "Usinikoromee hapa," akamnong'oneza. Akaingia. Mlango ukajifunga.

Mwanzoni alimsikia vizuri. Sauti yake ilipita kwenye kabati, ikiwa na furaha.

"Leandro, laiti ungeona. Nguzo zimechongwa ndege, kila mmoja na uso wake."

"Angalia, halafu urudi."

"Kuna sista anachota maji kisimani. Amenipa. Matamu, Leandro."

Ukapita muda. Leandro akasinzia, akashtuka.

"Wamenivua viatu," Casilda alisema. "Nisichafue sakafu."

"Nani kakuvua?"

"Wako wengi."

"Casilda, toka. Tuondoke."

"Natafuta mlango. Pale nilipoingilia pana ukuta."

Aliyasema hayo kwa utulivu, kama mtu anayetafuta miwani yake. Utulivu huo ndio uliomtia Leandro hofu. Aliusukuma mlango wa pembeni. Haukutikisika. Akaupiga teke. Akainua benchi akaugonga nalo mpaka mikono ikafa ganzi. Maisha yake yote alikuwa akiwatoa watu waliokwama kwenye lifti, lakini mlango huu haukuwa na bawaba, wala tundu la ufunguo, wala pa kushika. Akampigia simu. Simu ikaita ndani ya mkoba, pale sakafuni.

Akarudi kwenye kabati, akapiga magoti.

"Casilda."

"Polepole, bwana. Wenzangu wanasali."

"Bwana nani? Ni mimi. Leandro."

"Leandro," akarudia, kama anayeonja chakula alichokila utotoni. "Nilimjua mtu wa jina hilo. Alikuwa mpole."

"Nipe mkono, mke wangu. Nyoosha mkono."

Kabati lilikuwa limeacha upenyo. Akapitisha mkono wake, akaupeleka gizani hadi begani. Akasubiri. Mkono mwingine ukaushika.

Ulikuwa wa Casilda. Aliutambua kwa kovu la mafuta ya moto chini ya kidole gumba. Lakini ngozi ilikuwa imelegea, nyembamba kama karatasi, na mifupa yote ilihesabika. Ulikuwa mkono wa ajuza. Ukampigapiga kiganja taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiye wake.

"Usilie, mwanangu," ikasema sauti. Ilikuwa imezeeka. "Nenda nyumbani. Nenda ukale."

Mkono ukamwachia. Akavuta wake. Kabati likazunguka mara moja, likasimama. Nyuma yake palikuwa na matofali.

Leandro alikimbia mpaka kwenye baa. Obdulia, mwenye baa, alitoka na nywele zimetimka kwa usingizi.

"Masista gani, baba? Hapa hapajakaa sista tangu mimi msichana. Hata ufunguo ninao mimi."

Wakaenda wote. Kwenye mlango wa pembeni palikuwa na mnyororo na kufuli lenye kutu. Leandro anaapa havikuwapo. Obdulia akahangaika na kufuli mpaka likafunguka. Ndani, paa lilikuwa limeanguka. Magugu yamefika kifuani. Kisima kimejaa kifusi. Nguzo zilikuwapo, na ndege wa kuchongwa walikuwapo, nyuso zao zimeliwa na mvua. Vumbi la sakafuni halikuwa na unyayo hata mmoja.

Obdulia hakuvuka kizingiti.

"Alikula?" akanong'ona.

"Alikula nini?"

"Walichompa. Alikula?"

Leandro akatikisa kichwa kukubali. Obdulia akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi sijui kitu, baba. Mama yangu alitukataza tu kupokea chakula kwenye ukuta huu."

Askari walikuja na mbwa. Mbwa wakaketi mlangoni, wakakataa kuingia. Leandro akaulizwa maswali yaleyale kila siku, na watu tofauti, kwa upole unaozidi kupungua. Akisema kweli, anaonekana kichaa. Akinyamaza, anaonekana muuaji. Hawakumpata na hatia, wakamwacha. Huku nyumbani, dada yake Casilda akimwona huvuka barabara. Leandro hamlaumu.

Kitu kimoja tu askari walikiona. Ukutani mwa ule ua kuna makaburi ya masista, yamepangwa kama rafu na kuzibwa. Moja halikuwa na jina, na saruji yake ilikuwa mbichi. Wakalivunja. Halikuwa na kitu, ila lilikuwa limefagiwa. Manispaa ikaleta mwashi, akaliziba tena.

Miaka imepita. Leandro huenda kila Agosti, peke yake. Obdulia humfungulia na kumngojea kichochoroni. Mwashi amelirudia kaburi hilo mara kadhaa, amebadilisha mchanga, amebadilisha saruji. Ukuta mzima unapasuka kwa ukavu, lakini pale hapakauki.

Agosti iliyopita aliona alama za vidole kwenye saruji hiyo, kiganja kizima, kidogo, cha mwanamke. Akadhani kuna mtalii amepitia penye kuta zilizobomoka akaweka mkono. Akanyoosha wake ili aulinganishe.

Alama hazikuwa zimezama. Zilikuwa zimejitokeza, zimesukumwa kutoka ndani, na zilimjaa Leandro kiganjani.