Aliyeomba Moto

Sahani ya Tluway ilirudi imelowa. Leonida aliiinua pale jiweni, katikati ya nyumba na kibanda alikotengwa mumewe, yakamwagika maji yanayonuka tope la chemchemi. Kibandani hakukuwa na maji.

"Jasho la homa tu," alijiambia.

Wakubwa wa dunia walikuwa wameshatangaza kwamba ndui imekufa. Jamaa zake, magonjwa ya vipele kama yeye, hawakualikwa mkutanoni. Mmoja akapanda mpaka Karatu, akamkalia Tluway usoni. Akaja Patrisi, msomi wa chuo kikuu, Kiingereza tele, dawa hana, kuchunguza magamba ya vidonda yanavyoanguka na ugonjwa unavyofuata watu. "Contacts wote, kila aliyemgusa," alisema. "Nani kala naye? Nani kafua nguo zake?" Rozalia, mtoto wa Leonida na Tluway, akahamishiwa kwa bibi. "Gamba la mwisho likianguka, shemeji, utamkumbatia mumeo."

Leonida akaishi kwa maneno hayo.

Habari za moto Patrisi hakuuliza. Wairaqw wanajua: aliye kwenye metimani, aliyetengwa, hapewi kaa la jikoni, maana pepo wa chemchemi huvaa sauti yake akaja kuomba joto.

Adhuhuri sauti ikatoka kibandani. "Mama Rozalia, nasikia baridi. Nipe moto."

"Wazee wamekataza, baba."

"Nimepona. Nishike uone."

Akabeba kaa kwenye kigae, akalivuka lile jiwe, moyo ukimwambia rudi na miguu ikikataa, na mkono uliotoka mlangoni ulikuwa laini kama wa kichanga, baridi, unachuruzika, hauna gamba hata moja, akauweka shavuni akalia kwa furaha, wala hakujiuliza kwa nini kaa jekundu lililala kiganjani mle bila kuunguza.

Alimkimbilia Patrisi. Patrisi akaingia kibandani, akatoka ameinamisha kichwa.

"Amekufa tangu jana, shemeji. Magamba mwili mzima."

"Kanishika sasa hivi."

Wakazunguka kuuliza nyumba kwa nyumba. Kwa wifi yake Antonia walikuta furaha. "Kaka kapita, kaomba moto. Mkono laini huo!" Kwa jirani Hhando, hayo hayo. Patrisi akaishiwa Kiingereza.

Kwa bibi, Rozalia alikuwa peke yake jikoni.

"Mama, baba kaja. Nikampa moto mimi."

Akafungua kiganja. Katikati palikuwa na lengelenge moja, bichi, linanuka tope.

"Usimguse," Patrisi alinong'ona.

Leonida akapiga magoti, akauchukua mkono ule, akauweka shavuni, palepale alipouweka ule wa kibandani.